Kuaminika na Kuaminiwa: Jina la Chombo Kisicho na Nahodha

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kingali kinajifunza kuzungumza habari za anga. Historia yasema vingine. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano wakishirikiana na Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, akaipa setilaiti jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilitumika hadi mwaka 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wake, akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Neno letu limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na wasomao vitabu hivyo wengi hawajui hata salamu ya Kiswahili.

Hata hivyo, Uhuru haikuwa huru. Ilijizungusha taratibu ikiipekua mbingu, na ilipotakiwa kubadili mwelekeo ilingoja amri ya redio kutoka ardhini. Ilikuwa mtumishi mwema mwenye jina la bwana. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, wahandisi wanaunda vyombo vinavyoamua vyenyewe pa kutua, pa kupita na la kufanya mambo yakiharibika, bila kungoja neno la mtu. Vyombo hivi vinahitaji jina katika Kiswahili, na jina hilo si jambo la kupitia juu juu.

Deni hilo lililetwa mlangoni kwangu, hapa Kikuyu. (Kikuyu hii ni ya Dodoma, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, asiidhanie msomaji ile ya Kenya.) Aliyelileta ni binti wa jirani yangu, anayesomea programu za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliniamkia, akakaa, akanyoosha karatasi. Utafiti wake ameuandika kwa Kiingereza, kama chuo kinavyotaka, lakini alikusudia kuwa na ikisiri ya Kiswahili ili bibi yake wa Mvumi ajue mjukuu anasoma nini. Kichwa alichokitafsiri kilisomeka hivi: “Mitambo huru na miaminifu kwa safari za angani.”

“Mwalimu,” akaniuliza, “hapo pana kosa?”

“Kosa la sarufi halipo, mwanangu,” nikamjibu. “Lakini maneno hayo mawili yamebeba mzigo mkubwa. Tuutue kwanza tuone kilichomo.”

Mazungumzo hayo yaliendelea kwa siku kadhaa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyobaki nayo, nami nayaweka mbele ya washairi na wapenzi wa lugha kwa sababu naamini uamuzi wa jina hili utatugusa hata sisi ambao hatutapanda roketi.

Tuanze na haja yenyewe. Kwa nini chombo kiachiwe kuamua? Zamani hakikuachiwa. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Wamarekani walikuwa wamepanga vituo kuifuata njia yake, ili kila anapotoka kwenye masikio ya kituo kimoja apokewe na kingine. Kimojawapo kilikuwa Kano, Nijeria. Kilichofuata kilikuwa Tunguu, Unguja, nacho kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Chombo kilipita juu ya vichwa vya Waswahili kikipokezanwa kama mtoto mikononi mwa shangazi zake.

Katika safari hiyo yalitokea mambo mawili ambayo kila ajadiliye uaminifu wa mitambo angefaa kuyajua. La kwanza, mtambo uliokuwa ukikiweka sawa chombo ulianza kukosea mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, na Glenn akashika usukani kwa mikono yake. La pili, ardhini ilipokewa ishara kwamba ngao ya kukikinga chombo na joto la kurudia hewani imelegea. Kama ingekuwa kweli, mtu yule angeungua. Baadaye ilibainika kwamba ngao ilikuwa salama. Swichi ndiyo iliyosema uongo. Mtambo mmoja ulishindwa kazi na mwingine ukatoa habari isiyo ya kweli, na katika yote mawili palikuwa na binadamu karibu wa kutia shaka, kuuliza na kuamua.

Sasa tusogee mbali. Ishara ya redio hufika mwezini kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Kufika Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kwa kutegemea sayari hizo mbili zimesimama wapi. Gari la Perseverance lilipotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, kushuka kwake kutoka juu ya hewa hadi ardhini kulichukua dakika 7, ilhali habari ya kuanza kushuka ilihitaji dakika 11 kufika duniani. Wahandisi walipopata habari kwamba chombo kimeanza kushuka, chombo kilikuwa kimekwisha kutua au kimekwisha kuvunjika. Hapakuwa na wa kumpigia kelele. Kamera yake ilipiga picha za ardhi, kompyuta ikazilinganisha na ramani iliyobeba, ikachagua mahali pasipo na majabali, ikatua. Palepale ambapo rubani wa zamani wa pwani, ajuaye mlango wa bandari na miamba yake, angepanda chomboni kumwelekeza nahodha, pamekaa hesabu.

Tukalitazama neno la kwanza la binti: huru. Nilimwonya kwamba Kiswahili kimekwisha kulipima jambo hili kwa mizani ya siasa, na vipimo vyake ni vitatu. Tarehe 1 Mei 1961 Tanganyika ilipata madaraka. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo ikapata uhuru. Na Februari 1967 Azimio la Arusha likatufundisha kujitegemea. Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo, madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru tarehe 12 Desemba, na hadi leo siku zote mbili wanaziadhimisha. Watu wa wakati ule hawakuyachanganya maneno haya. Mwenye madaraka hufanya maamuzi ndani ya mipaka aliyowekewa, na yuko aliyempa. Aliye huru hajibu kwa yeyote nje ya nafsi yake. Anayejitegemea huishi kwa jasho lake.

Kwa vipimo hivyo, chombo cha Mirihi hakiko huru. Hakikuchagua kwenda Mirihi. Hakijitegemei pia, kwa maana akili yake imeandikwa na watu na kila siku hungoja kazi mpya kutoka nyumbani. Kilicho nacho ni madaraka: kimepewa ruhusa ya kuamua mambo kadhaa, kwa muda fulani, katika eneo fulani. Kwa kitendo chenyewe nilipendekeza “kujiongoza” badala ya “kujiendesha”, kwa kuwa pampu ya maji nayo hujiendesha ukiwasha swichi, lakini haichagui njia. Neno “madaraka” tulilihifadhi kwa kupimia: chombo hiki kina madaraka kiasi gani, juu ya mambo gani, na nani ameyatoa. Binti alilifurahia. Akasema wahandisi wenzake hubishana siku nzima juu ya viwango hivyo na hawana neno tamu kama hilo.

Neno la pili lilikuwa gumu zaidi. Uaminifu ni sifa ya nafsi. Mwaminifu ni yule aliyepata nafasi ya kuhini asihini. Aliyeachiwa fedha peke yake chumbani, akazikuta zinamvuta, akaziacha. Mtambo hauvutwi na kitu. Swichi ya Glenn haikumsaliti mtu, iliharibika tu. Kuuita mtambo “mwaminifu” ni kuupa fadhila ambayo hauwezi kuwa nayo, na anayepewa fadhila asiyo nayo huchukua pia lawama isiyo yake. Tamathali hiyo tunairuhusu katika shairi, tunaposema bahari ni katili au mwezi ni mpole. Katika istilahi ya kazi, tamathali hiyo huwa pazia.

“Basi tuseme mitambo ya kuaminika,” akasema binti.

Hapo ndipo nilipofurahi, kwa maana alinirudisha darasani, kwenye somo nililolifundisha miaka yote bila kuchoka: tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Mtoto akiangusha kikombe, mama akauliza kulikoni, mtoto hujibu, “Kikombe kimevunjika.” Hasemi “nimekivunja”, na akiweza hasemi hata “kimevunjwa”, kwa kuwa kauli ya kutendwa humfungulia mama mlango wa kuuliza, “Kimevunjwa na nani?” Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. Tendo limetukia, hali imekuwa, mtendaji hayumo katika sentensi. Watoto wote wa Waswahili wanaijua sarufi hii kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Vivyo hivyo kuaminika na kuaminiwa. Najua mitaani husikika “anaaminika na watu”, na sikusudii kugombana na mitaa. Lakini uzito wa maneno haya mawili hautoshani. Kuaminika ni hali ya kukubalika machoni. Tapeli huaminika, na asingeaminika asingefaulu kumwibia mtu. Kuaminika kwake kwatuambia habari za mioyo yetu, hakutuambii kama anafaa. Kuaminiwa kunamhitaji mwaminio: nani anakiamini chombo hiki, kwa jambo gani, kwa ushahidi gani? Na hata kuaminiwa peke yake hakutoshi, kwa kuwa tunawaamini wengi wasiostahili. Neno linalotakiwa lina sehemu mbili: kustahili kuaminiwa. Ni refu, naam. Lakini urefu wake umebeba maswali yote ambayo neno fupi limeyaangusha njiani.

Maswali hayo hayakuzushwa na walimu wa sarufi. Vyombo vilivyopotea ndivyo vilivyoyafundisha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ililipuka katika safari yake ya kwanza, kabla ya dakika moja kupita. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa na mwendo mwingine, na katika roketi mpya ilikutana na namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Programu ile ilikuwa imeaminika kwa miaka, na kwa haki, mahali pake. Ilipohamishwa hakuna aliyeuliza kama sifa zake zimehama nayo. Washairi wanalijua jambo hili: neno linalokaa vizuri katika utenzi wa mizani 8 halikai lenyewe katika mshororo mwingine bila kupimwa upya.

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipoifikia Mirihi, kwa sababu kundi moja la wahandisi lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na kundi lingine likazisoma kama vipimo vya metriki. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mgeni aambiwaye kwa Kiswahili basi linaondoka saa moja asubuhi, naye akaisoma saa yake ya Kizungu, atafika stendi usiku wa manane au atalikosa kabisa. Saa zote mbili ni sahihi, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, “Saa moja ya nani?”

Mfano wa tatu ndio ulionigusa zaidi. Tarehe 19 Oktoba 2016 chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kilikuwa kinashuka Mirihi kwa mwavuli. Kiliyumba kwa nguvu, na kifaa cha kupimia mzunguko wake kikafikia ukomo wa kipimo chake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kompyuta ikapiga hesabu kwa namba hizo, ikapata jibu kwamba chombo kiko chini ya uso wa ardhi. Ikaliamini jibu lake. Ikauachia mwavuli, ikawasha injini za breki kwa sekunde 3 tu, ikajiona imefika. Ilikuwa kilomita 3.7 juu. Kilichobaki kilikuwa kuanguka.

Tazameni jambo lenyewe. Mtu yeyote aambiwaye kwamba yuko chini ya ardhi ilhali angali akining'inia hewani angesema, “Hapa pana neno; kipimo changu kimekosea.” Kompyuta ile haikupewa uwezo wa kulishangaa jibu lake. Akili haikuipungukia, kwa maana hesabu ilizifanya vizuri. Ilichopungukiwa ni kile tunachokiita busara: kujua pale ujuzi wako unapokoma. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, nami nadhani hata kwa mtambo msemo huu ni kweli. Mtambo unaostahili kuaminiwa ni ule uliofundishwa kuitilia shaka habari inayopingana na mambo yote mengine, na kujiweka mahali salama hadi apatikane wa kuuliza.

Ingenuity, helikopta ndogo iliyopanda hewa ya Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, inatuonyesha upande wa pili. Ilitengenezwa kwa safari zisizozidi 5, ikaruka mara 72. Ilijua mwendo wake kwa kutazama mawe na alama za ardhi zikipita chini yake, kama Mgogo wa zamani aliyevuka mbuga zetu hizi kwa kuhesabu mibuyu na majabali. Katika ruko la sita picha moja ilipotea njiani, zilizofuata zikabeba saa zisizo zake, helikopta ikaanza kuyumba. Lakini waliiunda wakiacha nafasi ya kosa, ikatua salama. Tarehe 18 Januari 2024 ilikuwa juu ya mchanga laini usio na alama. Ikakosa cha kushika kwa macho, ikatua vibaya, panga zake zikavunjika. Mpe msafiri mbuga isiyo na mbuyu hata mmoja, naye atapotea.

Binti aliniuliza kama basi mambo haya hayathibitishiki kabla ya safari. Yapo majaribio, nikamwambia, na yeye mwenyewe akanieleza zaidi ya nilivyojua. Mwezi Mei 1999 chombo cha Deep Space 1 kiliachiwa programu iliyopanga kazi zake yenyewe, mamilioni ya kilomita kutoka hapa. Siku ya pili injini haikuzimika ilipotakiwa, kwa kuwa sehemu mbili za programu zilikuwa zinangojana, kila moja ikidhani zamu ni ya mwenziwe. Wahandisi waliigundua sababu kwa saa chache na jaribio likakamilishwa. Lakini ajabu yake ni hii: kosa la aina hiyo hiyo lilikuwa limekwisha kugunduliwa kabla ya safari katika sehemu nyingine ya programu, kwa njia ya hisabati inayochunguza kila hali inayoweza kutokea badala ya kujaribu chache. Ni sawa na mhariri wa utenzi wa beti 1,000. Akisoma beti 20 akazikuta sawa, anaweza kusema utenzi unaaminika. Ili useme unastahili kuaminiwa, sharti ahesabu mizani ya kila mshororo.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya Mirihi, na sisi tuko Dodoma tunangoja mvua. Lakini neno likishaingia katika lugha halikai lilikotumwa. Kenya imekwisha kuwa na Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, na Uganda ilipata PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022. Hapa kwetu mitambo inayoamua imeingia katika simu zinazokopesha na katika ofisi zinazotuhudumia, na sarufi yake tumekwisha kuitunga bila kujua. Nilipostaafu nilifuatilia stahili yangu moja katika ofisi ambayo sitaitaja. Mara 3 nilijibiwa kwa upole, “Mfumo haukutambui, Mwalimu.” Mara ya nne kijana mmoja akainuka kwenye kiti chake, akatafuta jalada la karatasi, akaona kwamba jina la babu yangu limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Alirekebisha kwa dakika chache. Mfumo ukanitambua.

Nimeifikiria sana sentensi ile. Mfumo haukutambui. Mfumo umekataa. Mfumo umegoma. Katika sentensi hizi kiima ni mtambo, kitendo ni cha mtu, na mtu mwenyewe hayumo. Yuko aliyeingiza jina, yuko aliyeandika programu isiyouliza mara mbili, yuko aliyeamua kwamba herufi moja itoshe kumfuta mtu; wote wametoweka nyuma ya nomino moja. Ni kile kile kikombe kilichovunjika. Mstaafu ajuaye kusoma na kubisha hurudi mara ya nne. Kikongwe aliyetoka Chamwino kwa basi, nauli yake ikiwa ya kukopa, hurudi kwao akiamini kwamba kuna kitu kikubwa kisichomtambua.

Wahandisi wa anga, kwa sifa yao, hawajaruhusu sarufi hiyo. Ariane ilipolipuka, tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwezi Julai mwaka huo huo. Haikusema roketi imegoma. Ilisema kosa lilikuwa katika maelekezo na usanifu wa programu, yaani katika maamuzi ya watu, na ikaeleza moja baada ya moja. Schiaparelli nayo ilichunguzwa, na matokeo yakatangazwa. Chombo kiko mbali na hakiwezi kuulizwa. Kwa hiyo huulizwa waliokituma. Laiti tungekuwa na desturi hiyo katika kila dirisha la ofisi.

Hapo ndipo neno “amana” linapoingia. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, si chako, nawe utaulizwa. Hatuuwekei mtambo amana. Tunaiweka kwa waliouunda, walioujaribu, walioutuma na walioupa madaraka. Mtambo unaweza kustahili kuaminiwa au usistahili; hilo hupimwa kwa ushahidi. Amana hukaa kwa watu, nayo haihamishiki kwenda kwenye chuma.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya. Kwa chombo kinachojiamulia njia, tuseme “mtambo wa kujiongoza”, tusiseme “mtambo huru”. Kwa kiasi cha maamuzi kilichoachiwa, tuseme “madaraka”, na kila tunapolitaja tumtaje aliyeyatoa. Tusiseme “mwaminifu” kwa kisicho na nafsi. “Kuaminika” tukuachie wafanya biashara, wanaotaka bidhaa zao zikubalike machoni. Katika kazi ya kweli tuseme “mitambo ya kujiongoza inayostahili kuaminiwa”, hata kama kichwa cha ikisiri kitavuka mstari. Hivyo ndivyo alivyokiandika binti yule, na bibi yake, nimeambiwa, aliuliza swali moja tu baada ya kusomewa: “Inastahili kuaminiwa na nani?” Hakuna mtihani wa istilahi uliowahi kunipa matokeo mema zaidi.

Nimezoea kuandika ubeti ninapolimaliza jambo, nami nauweka hapa kama ulivyo, magwiji wa arudhi waurekebishe wakiona inafaa:

Chombo kikienda mbali, nani yuko usukani?
Kisipoiona hali, kitauliza kwa nani?
Ikitokea ajali, mwenyewe yuko pembeni;
Amana ina suali, huulizwa duniani.

Wako watakaosema “kustahili kuaminiwa” ni kuzito mdomoni na halitaingia katika kamusi. Huenda. “Uzalendo” na “ujamaa” nayo yalikuwa mazito kabla ya kuzoeleka. Mwenye neno fupi zaidi ambalo halimfichi mtendaji na alilete. Nitakuwa wa kwanza kulitumia. Asiye nalo, nambembeleza jambo dogo zaidi: siku atakapoambiwa mfumo umekataa, aulize kwa adabu, katika kauli ya kutendwa, umekatazwa na nani.